Jinsi ya kusikiliza danza fupi ya Kuba kwenye piano: anza na mkono wa kushoto

Kila nikimtumia mtu danza ya Kuba ya piano, majibu ni yale yale matatu. La kwanza: "Mbona imeisha?" La pili: "Anayepiga ni mmoja au wawili?" La tatu ndilo limenifanya niandike: "Nimesikiliza, ni nzuri, lakini sijaona cha ajabu." Huyu wa tatu nikimuuliza kasikiliza mara ngapi, ananiambia mara moja, kwa spika ya simu, huku anapika.

Danza hizi ni vipande vifupi vya piano vilivyotokana na muziki wa kucheza, na huchukua dakika moja hadi tatu. Hazina maneno, wala hazina kiitikio cha kukungoja ukirudi kutoka jikoni. Ukiisikiliza mara moja inakupita kama bodaboda: umeisikia, lakini hukuona kapakia nani. Kwa hiyo hapa tutaisikiliza mara nyingi, na kila mara tutaipa sikio kazi moja tu. Tenga nusu saa, au saa nzima kama unapenda kurudiarudia. Kusoma nota si lazima.

Unachohitaji kabla ya kuanza

Hedifoni, au redio yenye spika nzuri ya besi. Hili sibembelezi. Spika ya simu haitoi sauti za chini vizuri, na nusu ya utamu wa danza iko chini. Mimi mwenyewe miezi ya mwanzo nilisikiliza kwa simu tupu, nikawa nawaambia watu kwamba danza ni "muziki laini laini". Siku niliyoazima hedifoni ya shemeji yangu niliona aibu. Nilikuwa nimesikia mkono mmoja tu.

Karatasi na penseli. Meza ya kugonga, au paja lako.

Programu ya kuchezea muziki au video inayokuruhusu kupunguza kasi. Nyingi siku hizi zina sehemu ya kuchagua robo tatu ya kasi au nusu.

Na vipande viwili. Cha kwanza ni kontradanza ya Manuel Saumell, aliyezaliwa Havana mwaka 1818 na kufa 1870. Aliandika zaidi ya 50, na "Los ojos de Pepa" (Macho ya Pepa) hupatikana kwa urahisi. Cha pili ni "Adiós a Cuba" (Kwaheri Kuba) ya Ignacio Cervantes, aliyeishi kati ya 1847 na 1905. Kontradanza na danza zisikuchanganye: ni ukoo mmoja, jina lilifupishwa kadiri miaka ilivyokwenda. Tafuta rekodi ya piano peke yake. Zipo nyingi zilizopangwa upya kwa gitaa au okestra. Ni nzuri, lakini kwa somo hili zitakuharibia, kwa sababu tunataka kusikia mikono miwili ya mtu mmoja.

Hatua ya 1. Sikiliza yote, usifanye kitu

Weka Saumell. Usigonge, usihesabu. Ikiisha andika neno moja tu kuhusu ulivyojisikia, hata kama ni "sijui". Karatasi iweke pembeni, tutairudia mwishoni.

Hatua ya 2. Zima muziki, jifunze "kitabu kitabu meza"

Hapa ndipo wengi wanaruka, halafu wanarudi kulalamika. Usiruke.

Sema kwa sauti, silabi zote ziwe na urefu sawa, bila kupumzika katikati:

ki-ta-bu ki-ta-bu me-za, ki-ta-bu ki-ta-bu me-za...

Silabi nane, halafu unaanza tena. Mzunguko mmoja wa silabi nane ndio kipimo kimoja cha danza. Sasa gonga meza kwenye silabi zenye herufi kubwa tu:

KI-ta-bu KI-ta-bu ME-za

Mapigo matatu, yasiyo sawa: refu, refu, fupi. Wakuba wanaliita tresillo. Kama umelelewa na rumba la Kongo au muziki wa dansi, mkono wako utakuwa umeshalitambua, maana ni ile nusu yenye mapigo matatu ya mdundo wa vijiti. Haikutokea tu. Kuanzia mwaka 1933 santuri za muziki wa Kuba zenye alama ya GV ziliuzwa Afrika, na wapigaji wa Kongo wakazisikiliza hadi zikawa zao. Kabla ya hapo safari ilikuwa ya upande wa pili, tena ya minyororo: watu wengi waliochukuliwa utumwani Kuba walitoka Kongo, na mdundo tunaoufuata hapa chini, Kuba wenyewe wameuita pia "tango congo".

Ndio huu. Ongeza pigo moja:

KI-ta-bu KI-TA-bu ME-za

Mapigo manne sasa. Huu ndio mdundo wa habanera, na ndio utakaoutafuta kwenye mkono wa kushoto wa mpiga piano. Rudia mpaka uweze kuugonga huku unaongea na mtu. Ukishindwa kuongea, bado haujaingia.

Kuna wa tatu, ambao utaukuta hapa na pale, hasa kwenye sauti ya juu:

KI-ta-BU KI-ta-BU ME-za

Mapigo matano, cinquillo. Huu unahusishwa sana na Santiago, mashariki ya Kuba, walikokimbilia watu wengi kutoka Haiti baada ya mapinduzi yaliyoanza mwaka 1791, mabwana na watumwa kwa pamoja. Ukiushika leo, vizuri. Usiposhika, songa mbele.

*Kosa la kawaida:* Kiswahili chetu kinakaza silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo ulimi utakuvuta ugonge ki-TA-bu. Ukigonga hivyo umepotea. Kwenye zoezi hili usikaze silabi yoyote kwa ulimi. Sema kama roboti, mkono ndio ukaze. Nimewaona wanakwaya wazuri kabisa wakikwama hapa, wakati mtoto wa miaka saba kapita mara ya kwanza.

Hatua ya 3. Fuata mkono wa kushoto peke yake

Washa muziki tena, hedifoni masikioni. Kwenye piano sauti nzito ziko kushoto, nyembamba ziko kulia. Rekodi nyingi huweka hata sauti hivyo hivyo, nzito zikiegemea sikio la kushoto, ingawa si zote.

Kazi yako ni kuikataa melodi. Ndiyo, ile sauti tamu ya juu, ikatae. Kama umewahi kuimba besi kwaya, unajua hali hii: soprano wanapendeza, lakini wewe una mstari wako. Tafuta noti nzito inayoanguka mwanzoni mwa kila mzunguko. Hiyo ndiyo KI ya kwanza. Ukiipata, anza kunong'ona "kitabu kitabu meza" juu yake, na ugonge habanera.

Kikikaa, utajua. Meza na piano vitakuwa vinasema kitu kimoja.

Kisipokaa, punguza kasi iwe robo tatu. Bado? Nusu. Kwenye nusu ya kasi muziki unakuwa kama mlevi anayepanda ngazi, lakini kila pigo linaonekana. Ukishalishika, rudisha kasi ya kawaida taratibu.

Mkono wa kushoto hautakaa kwenye habanera mwanzo hadi mwisho. Kuna mahali utaiacha, ugonge mapigo mawili ya kawaida, halafu urudi. Weka alama kwenye karatasi kila unapobadilika.

*Onyo:* si kila kontradanza ya Saumell ina mdundo huu. Nyingine zinabembea kwa tatu tatu kama wimbo wa kulaza mtoto. Ukikuta hiyo, hujakosea wewe. Chukua nyingine.

Hatua ya 4. Tafuta mahali inapokatika

Sasa hesabu mizunguko kwa vidole. Kila "kitabu kitabu meza" moja ni kidole kimoja. Mara nyingi, ukifika cha nane utasikia kama mtu kamaliza sentensi. Halafu ile ile inarudiwa, nane nyingine. Kisha inaingia sehemu mpya, nane, nayo inarudiwa. Jumla 32, muziki umekwisha. Ndiyo maana rafiki yangu aliuliza mbona imeisha.

Si uvivu wa mtunzi. Muziki huu ulikuwa wa kucheza, na wachezaji walikuwa wanapita hatua nne kwa mpangilio: paseo (matembezi), cadena (mnyororo), sostenido (kushikana) na cedazo, neno ambalo maana yake ni chekecheke. Kila hatua ilichukua mizunguko minane. Mbili za kwanza zilichezwa kwenye sehemu ya kwanza ya muziki, mbili za mwisho kwenye ya pili. Ukumbini bendi ilirudia yote tangu mwanzo kadiri wachezaji walivyotaka. Wewe nyumbani, bendi ni kile kitufe cha kurudia.

Kwa Saumell, sikiliza tofauti ya tabia kati ya sehemu hizo mbili. Ya kwanza mara nyingi ni ya kistaarabu, suti na tai, unaweza kudhani uko Ulaya. Ya pili ndiyo inayofungua vifungo. Mkono wa kushoto unachangamka, mdundo unasogea mbele, na mabega yako yanajua kabla yako. Hiki ndicho ninachokipenda zaidi kwa Saumell, na bado sijamkuta aliyekifanya vizuri kumzidi kwa nafasi ndogo namna ile. Kontradanza ilikuwa dansi ya Ulaya, iliyotoka Uingereza ikapitia Ufaransa na Hispania. Ilipofika Havana ikakutana na bendi ambazo wapigaji wake wengi walikuwa watu weusi. Kontradanza kongwe zaidi ya Kuba inayojulikana, "San Pascual Bailón", ni ya mwaka 1803, na ile habanera tayari imo. Saumell alichofanya ni kuzipanga dunia hizo mbili foleni, moja nyuma ya nyingine, ndani ya dakika moja.

Kwenye karatasi chora mstari pale sehemu ya pili inapoanza, na uandike dakika na sekunde zake. Utauhitaji.

Hatua ya 5. Sasa ruhusu mkono wa kulia

Acha kugonga. Imba au piga mluzi sauti ya juu. Huhitaji kuipata yote, inatosha kujua inapanda wapi, inashuka wapi, na inavuta pumzi wapi. Ukijua do re mi, jaribu kuandika noti nne au tano za kwanza. Usipojua, chora mstari unaopanda na kushuka kama barabara ya Lushoto.

Hatua ya 6. Sikiliza mikono ikigombana

Hili ndilo jambo lenyewe. Hatua zote za nyuma zilikuwa kukuleta hapa.

Kwenye danza za Karibi mkono wa kulia hupenda kupiga noti tatu sawasawa ndani ya nafasi ambayo mkono wa kushoto unaigawa kwa habanera. Chukua nusu ya mzunguko: ki-ta-bu-ki. Mkono wa kushoto unapiga silabi ya kwanza na ya nne. Mkono wa kulia unazigawa silabi hizo hizo nne mara tatu. Wanaanza pamoja, sawa. Lakini noti ya tatu ya mkono wa kulia inafika *kidogo tu* kabla ya pigo la pili la kushoto. Si pamoja, na si mbali. Ni kama watu wawili wanaogonga mlango mmoja kwa wakati mmoja, na mmoja akawahi.

Hapo kwenye kuwahiana ndipo watu wanaposhindwa kukaa kwenye kiti.

Zoezi: tafuta mahali ambapo mkono wa kulia unapiga tatu tatu. Weka nusu ya kasi. Rudia sekunde tano hizo tu, mara kumi. Mara tano sikio liwe juu, mara tano liwe chini. Mara ya kumi na moja usichague, liache sikio lilegee. Utasikia mikono miwili kwa pamoja, kila mmoja na safari yake. Swali la "anayepiga ni mmoja au wawili" linatokana na hapa.

*Kosa la kawaida:* kujaribu kugonga yote mawili siku ya kwanza, mkono huu habanera, mkono huu tatu. Utachukia muziki. Kusikia kunatangulia kupiga, tena kwa mbali.

Hatua ya 7. Mpiga mwingine, danza ile ile

Tafuta rekodi nyingine ya kipande hicho hicho na uende moja kwa moja kwenye ule mstari uliouchora hatua ya 4. Wapo wapigaji wanaozilainisha zile noti tatu mpaka zinaangukia kabisa kwenye habanera, ugomvi unaisha, muziki unakuwa na mdundo mzito. Wengine wanaziacha sawasawa, na ugomvi unabaki. Wapo pia wanaovuta mwendo, wanachelewa kidogo kisha wanafidia. Hakuna aliyekosea. Mimi nampenda anayeacha ugomvi, lakini akiuacha kwa mkono mwepesi.

Hatua ya 8. Weka Cervantes

"Adiós a Cuba" iweke mwisho kwa sababu ukianza nayo, huzuni itakubeba na hutasikia kitu kingine. Cervantes alikuwa kijana aliyesomea piano Paris. Alirudi Havana, na mwaka 1875, katikati ya vita vya uhuru vilivyoanza 1868, wakuu wa Kihispania walimtaka aondoke. Yeye na mpiga fidla José White walikuwa wakifanya maonyesho ya muziki, na fedha zikawafikia wapigania uhuru. Akaenda Marekani. Danza hii ni ya kuondoka huko.

Rudia hatua ya 3 hadi ya 6, lakini kwa swali moja: dansi imebaki kiasi gani? Utakuta mwendo wa dansi upo, ila haukuiti ucheze. Unapita chini chini, kama mtu anayetembea kuelekea bandarini na mguu unakumbuka ukumbi. Pale mkono wa kulia unapochelewa, usifikirie makosa. Sikiliza mkono wa kushoto unavyomsubiri.

Vita viliisha 1878, Cervantes akarudi nyumbani. Ana danza nyingine inayoitwa "Vuelta al hogar", kurudi nyumbani. Zisikilize zikifuatana.

Halafu chukua ile karatasi ya hatua ya 1, andika neno la pili chini ya lile la kwanza.

Ukikwama

*Sisikii mkono wa kushoto kabisa.* Hedifoni ziko upande sahihi? Zote mbili zinafanya kazi? Kama ndiyo, rekodi yenyewe huenda ni ya zamani sana, besi imemezwa. Tafuta ya miaka ya karibuni.

*Naupata mdundo halafu unaniponyoka.* Unakimbilia melodi bila kujua. Angalia sakafu, gonga kwa mguu badala ya mkono, na ukiponyokwa usihangaike kuufukuza. Nyamaza, subiri noti nzito inayofuata, ingia na "ki".

*Nahesabu nane, lakini sentensi haikatiki.* Hesabu mpaka 16. Baadhi ya danza, hasa za baada ya Saumell, zina sehemu ndefu zaidi. Angalia pia kama kuna utangulizi mfupi mwanzoni. Huo usiuhesabu.

*Ninachosikia ni tango, au ile habanera ya opera ya Carmen.* Una sikio zuri. Mdundo wa kushoto ni ule ule. Bizet, Mfaransa aliyetunga Carmen, kwenye opera hiyo ya mwaka 1875, aliuchukua wimbo wa Mhispania Yradier akidhani ni wa kienyeji, na Yradier alikuwa amewahi kufika Kuba. Tango la Argentina nalo lina deni kwa habanera.

*Nasinzia.* Simama. Tembea chumbani, hatua moja kwa kila nusu ya mzunguko. Kumbuka hatua ya kwanza ya wachezaji inaitwa matembezi.

*Nasubiri sebene haiji.* Haitakuja. Muziki huu ni mkongwe kuliko sebene kwa karibu miaka mia, na gitaa la solo halimo. Kama unataka mahali panapochemka, nenda kwenye mstari uliouchora hatua ya 4, weka sauti juu, na uongeze mizunguko minane.